Gumba Nililomwazima Mdogo Wangu

Mashine ilikataa vidole vya mdogo wangu. Jembe na vitunguu saumu vilikuwa vimemaliza mistari yote. Pale kwa wakala wa simu, Katesh, alipangusa mkono kwa khanga, akabonyeza, akabonyeza tena. Nikamsukuma kwa bega. "Toka hapo, gumba langu linafanya kazi." Laini yake ikasajiliwa kwa jina langu, akarudi nayo kwake Gitting akicheka. Kwetu ndugu asiye na maziwa unamwazima ng'ombe, akamue, akae naye. Sikuona tofauti.

Baadaye simu yangu ilipotea. Nikashuka kutoka kwangu Nambis hadi mjini Mbulu kurudisha laini. Wakala akasema, "Bibi, jina lako lina namba mbili. Hii nyingine unaitambua?"

Mimi namba ya mdogo wangu nilikuwa naijua kwa picha ya mbuzi ambayo mjukuu wangu aliiweka kwenye ile simu iliyopotea. Tarakimu sikuwa nazijua. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, na mimi sipendi kuonekana mshamba.

"Siitambui."

"Niifunge?"

"Funga."

Mjukuu akaniwekea tena picha ya mbuzi kwenye simu mpya, lakini kila nikimpigia mdogo wangu, hapatikani. Nikasema amenuna, na mtu niliyembeba mgongoni siwezi kumbembeleza. Mahindi yakapandwa, yakavunwa. Ndipo nikaenda kwake.

Alinipa kigoda, hakunipa chai. "Dada, ulikuja kumchukua ng'ombe wako hata hodi hukupiga."

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akichambua maharage.

Mjukuu wangu yule wa picha ya mbuzi anafanya kazi Arusha. Anasema makampuni ya simu, benki na hospitali wanakaa meza moja kupanga utaratibu mmoja: mtu akishathibitishwa mara moja, uthibitisho wake aushike mwenyewe kwenye simu yake, na kote waukubali. Asiazime jina la mtu.

"Na asiye na vidole?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo wanapobishana, bibi."

"Waambie wabishane haraka. Bibi yako wa Gitting anangoja."

Ningeweza kumsajilia mdogo wangu laini nyingine siku ileile niliyoenda kwake. Nilimwambia hivyo. Akasema gumba langu limemtosha.

Sasa nikimtaka napiga simu ya jirani yake. Jirani anaita uani, nasikia kuku, nasikia mlango. Halafu namsikia yeye, kwa mbali, haji kuishika: "Mwambie nipo."