Msiba wa Mzee Tumainieli, Saa Nane Kamili

Nyuma ya stendi ya Same iko karakana ya majeneza ya fundi Loth, na ndani yake, chini ya dirisha linalotazama milima, hukaa mama mmoja na cherehani yake. Anaitwa Aneth, ingawa mji mzima humwita Mama Doreen kwa jina la bintiye. Loth huranda mbao. Mama Doreen hushona satini ya ndani. Hukata, hukunja marinda, hutia sponji, hupigilia. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na minane, na atakuambia bila haya kwamba hakuna mtu wa wilaya hii aliyelala pabaya kwa uzembe wake yeye.

Anajua matakwa ya kila upande. Wa Suji wanataka nyeupe tupu, isiyo na madoido. Wa Ugweno wanataka mto mnene, kana kwamba marehemu atasoma gazeti. Wa Chome, siku hizi, lazima waombe utepe wa manjano uning'inie kwa nje upande wa kushoto, na Mama Doreen huushona bila kuuliza. Chome ni ukweni kwake, na mila za ukweni hazidodoswi, hasa na mtu mwenye sifa kama yake. Sifa hiyo tutaifikia.

Kama ulidhani mtu wa kazi hii atakuwa amenuna mwaka mzima, umepotea. Mama Doreen ni mcheshi, ana vishimo mashavuni, na ana ugonjwa mmoja tu: filamu. Si filamu zote. Za mapenzi humtia usingizi, za ngumi humchosha. Anazozipenda ni zile za kuchekesha ambazo ndani yake kuna maiti. Ana daftari lenye orodha, kwa mwandiko wake mzuri wa fundi. Iko ile ya wezi watatu walioiba jeneza usiku wakidhani ni friji. Iko ya mpishi aliyepika msibani kwa adui yake, wali ukasifiwa mpaka akasahau kufurahia kifo chenyewe. Na juu kabisa, imepigiwa mstari mara mbili, iko ya mzee wa nchi za baridi aliyejitangazia kifo chake mwenyewe, akajificha darini ili asikie watu watamsema nini.

"Mama Doreen, acha uchuro," Loth humwambia kila akimwona anaicheka simu yake saa ya chai. "Sisi tunaishi kwa vifo vya watu. Ukivicheka vitatugeukia."

"Loth, mtani akija msibani akajilaza kaburini na kusema hatoki mpaka apewe jogoo, unacheka au hucheki?"

"Huyo ni mtani."

"Basi na mimi filamu hizi ndizo mtani wangu. Nikabidhi sponji."

Sasa ile sifa. Miaka tisa iliyopita alifariki mumewe, Joel, fundi baiskeli mwenye maneno mengi na roho nyepesi. Mama Doreen alilishona jeneza lake mwenyewe; hakukubali mkono mwingine uliguse. Siku ya kuaga mwili, Chome, ukungu umetanda mpaka mlangoni mwa kanisa, mjane akasogea mbele, akainama, na mbele ya mchungaji, wakwe na kwaya nzima, akacheka. Si tabasamu. Kicheko chenye sauti, cha kushika mbavu. Akatolewa nje na mawifi wawili, wamemshika huku na huku.

Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Wapare wa Chome wana adabu. Mtu akivunja heshima hawamgombezi, wanamkumbuka tu. Tangu siku hiyo akipanda mlimani kuwasalimu wakwe, hupewa kiti, hupewa makande, huitikiwa marahaba, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei ya tangawizi. Amekuwa mjane aliyecheka. Mama mkwe wake, Bibi Hana, humtazama kama mtu anayesubiri ajieleze, na Mama Doreen, aliyekwisha kuzika watu mia kwa sindano yake, hajawahi kupata pa kuanzia. Jambo hilo lilimuuma kuliko ujane wenyewe.

Ndipo mwaka huu akapata wazo, na wazo lenyewe likamnyima usingizi kwa furaha. Ataipeleka filamu yake Chome. Atawakalisha wakwe zake wote mbele ya ukuta mmoja, awaonyeshe yule mzee wa darini, na wakicheka, hata mara moja tu, hata kwa bahati mbaya, watakuwa wamecheka msibani pamoja naye. Baada ya hapo wataweza kuzungumza kama watu.

Alijiandaa wiki sita. Aliazima projekta kwa mwalimu wa sekondari. Akaitafsiri filamu nzima kwa mkono, maneno ya kila mhusika, kwa kuwa alipanga kukaa kando ya picha na kipaza sauti, aigize sauti zote yeye. Majina ya kule hayakutamkika, akayabadili. Mke mchoyo akampa lafudhi ya Gonja. Mpwa mwenye tamaa ya koti la mzee akamfanya dalali wa Same. Na yule mzee mwenyewe, mkorofi na mpole kwa wakati mmoja, akamwita Tumainieli, jina linalojaa mdomoni. Loth alimsikia akikariri huku akishona, mara analia kama mjane, mara anakohoa kama mzee, na mteja mmoja aliyekuja kuchagua mbao aliomba arudi kesho.

Jumatano alimtumia ujumbe Ibrahimu, mwenye pikipiki ya spika kule Chome, yule anayetangaza chanjo, minada na vifo. Aliandika: "Jumamosi saa nane kamili mchana, ukumbi wa ushirika, Msiba wa Mzee Tumainieli. Wote mnakaribishwa." Akausoma mara tatu, akaona ni mzuri. Kilichokosekana ni neno moja tu, neno "filamu", na hakuliona kwa sababu kichwani mwake wiki sita zote hakukuwa na kitu kingine.

Ibrahimu ni mtu wa kazi yake. Alivyoupata ndivyo alivyousoma, kwa sauti ile nzito anayoitunza kwa matangazo ya vifo, akapita nayo kila kona ya mlima. Mwisho akaongeza kwa mazoea: wafahamisheni ndugu na jamaa popote walipo.

Jumamosi Mama Doreen alishuka kwenye gari projekta ikiwa kifuani, imefungwa kwenye kanga kama mtoto. Kitu cha kwanza alichokiona ni moshi. Nyuma ya ukumbi yalikuwa yameinjikwa masufuria manne makubwa. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga viunoni wakichagua maharage, wanaume wanapasua kuni, na turubai limeshavutwa juu ya viti. Akadhani wamemwandalia mapokezi. Akasimama barabarani akitabasamu, macho yamejaa maji, na kusema kweli hakuwahi kuipenda Chome kama dakika ile.

"Pole, Mama Doreen," wifi yake mmoja akamwambia, akimpokea mkoba. "Umefanya vizuri kuja kuzika."

"Kuzika nani?"

"Mzee Tumainieli. Hujasikia tangazo?"

Tabasamu likabaki usoni peke yake. Mara akatokea kwenye kona mzee mrefu, magongo mawili mikononi na gunia dogo la maharage limefungwa mgongoni. Alikuwa Mzee Tumainieli wa juu, mwenyekiti wa zamani wa ushirika. Mama aliyekuwa akimlilia tangu asubuhi aliuachia mwiko ukazama ndani ya sufuria.

"Shikamoo, Mzee," mtu mmoja akasema kwa uoga.

"Marahaba. Aliyetutoka ni Tumainieli yupi? Yule seremala, au wa kule bondeni?"

Seremala alikuwa nyuma yake hatua kumi, amebeba ubao. Alikuja kumtengenezea jeneza wajina wake wa bondeni. Na wa bondeni, nakuambia, hakuchelewa; alifika na ndizi, akaweka chini mkungu, akavua kofia, akawapa pole wenzake wawili kabla hajawatazama vizuri. Watumainieli wote watatu wa Chome wakasimama mlangoni mwa ukumbi, kila mmoja amekuja kumzika mwenzake.

Mama Doreen aliifungua kanga, akaitoa projekta, akaiinua watu waione. Akaeleza. Hakuna aliyekufa. Ni filamu. Ni ya kuchekesha. Yeye ndiye aliyeandika ujumbe, yeye ndiye aliyesahau neno, Ibrahimu hana kosa. Kila sentensi ilitoka ndogo kuliko iliyotangulia.

"Uchuro," sauti ya mwanamume ikasema kutoka kwenye kuni. Mwingine akasema, si kwa kunong'ona, kwamba ni yule yule aliyecheka. Bibi Hana alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, kanga begani, akimtazama. Mama Doreen alimwona, akatamani gari lile lile limrudishe Same.

Mzee Tumainieli wa juu alifungua gunia lake polepole, akalikabidhi kwa wapishi.

"Mimi nimeshuka mlima kwa magongo mawili kuja kuzika," akasema. "Maharage yanaiva, watu wamekuja, na huyo mfu ana jina langu. Sirudi nyumbani bila kumwona. Fungeni madirisha."

Wakafunga madirisha, wakaziba nyufa kwa magunia. Mama Doreen akakaa kando ya ukuta, kipaza sauti mkononi. Dakika tano za kwanza aliigiza mbele ya watu waliokaa kama wako mahakamani, na Wapare mahakamani hawana mchezo. Sauti ya mjane ikamkwama. Sauti ya mzee ikatoka ya kike.

Kisha ikafika pale ambapo mpwa anamvua marehemu sifa moja moja huku amevaa koti lake, na kule darini mzee anauma ngumi asipige kelele. Mpwa akasema marehemu hakuwahi kulipa hata chai ya mtu. Darini mzee akashindwa kuvumilia, na Mama Doreen, kwa sauti ya Mzee Tumainieli mwenyewe, akafoka: "Chai ya Krismasi alilipa nani?"

Mwanzo alikohoa mtu mmoja. Kisha yule seremala akatoa sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Kisha ukumbi ukaachia. Mzee wa kwenye picha aliposhuka ngazi kuwasahihisha, na waombolezaji wakamwomba arudi kufa kwa sababu chakula kimeshapakuliwa, wanawake walishikana mabega. Na mwishoni, alipokufa kweli mezani na hakuna aliyemwamini, mpwa akamsogeza kidogo ili afikie chumvi, Mzee Tumainieli wa juu alipiga sakafu kwa gongo, machozi yakimchuruzika, akirudia, "Mwacheni, anawadanganya huyo, namjua." Mama Doreen alikuwa akiruka kwenye kiti. Aliongeza maneno yasiyokuwepo kwenye filamu, akamtia na mtani mmoja dirishani anayedai jogoo. Hajawahi kufurahi hivyo tangu Joel aondoke.

Madirisha yalipofunguliwa, makande yakapakuliwa. Watu walikula, na safari hii mazungumzo hayakuhamia kwenye bei ya tangawizi. Bibi Hana alikuja na sahani mbili, akampa mkwewe moja, akakaa pembeni yake.

"Mama Doreen."

"Abee, Mama."

"Siku ile ulicheka nini?"

Miaka tisa. Mama Doreen akaweka sahani chini.

"Mama, mimi nilikuwa napoteza futi kila siku. Ile ya utepe, ya kupimia nguo. Joel ndiye aliyekuwa akizitafuta. Akiipata ananijia nayo, anasema, 'Fundi, mali yako.' Sasa jeneza lake nililishona usiku kucha, asubuhi futi siioni. Nikaja huku bila futi. Nilipoinama kumuaga, nikaiona. Imebanwa na satini, inaning'inia nje. Nikasema, hata leo ameipata yeye. Nikacheka. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu wa kumwambia alikuwa yeye."

Bibi Hana alitafuna taratibu.

"Ya manjano," akasema.

"Ya manjano, Mama."

"Upande wa kushoto."

"Kushoto, ndiyo. Ulijuaje?"

"Niliiona. Sote tuliiona." Bibi Hana aliifunika sahani yake kwa mkono. "Tulisema, angalia fundi wa mjini anavyompenda mumewe. Tukajua ndio mtindo wa Same. Tulipomzika baba yake Joel, nikasema lazima naye atiwe, asizidiwe na mwanawe. Baada ya hapo nani angekubali kuzikwa bila utepe?"

Mama Doreen alimtazama. Alikumbuka tepe zote, miaka yote, alizozishona kwa heshima na kichwa chini.

"Mama," akasema, "sisi kule karakana tunajua ni mila yenu."

Mabega ya Bibi Hana ndiyo yaliyoanza. Alijaribu kujizuia kwa ncha ya kanga, ikashindikana, akamwegemea mkwewe, na wote wawili wakacheka kicheko kile kile cha kushika mbavu, mama wa marehemu na mjane wake, mpaka ukumbi mzima ukageuka kuwatazama. Wifi mmoja akaja mbio. Bibi Hana akampungia mkono aondoke.

Mzee Tumainieli wa juu, aliyekuwa amekaa karibu, masikio yake bado mazima, alimaliza makande yake, akajifuta midomo, akayashika magongo.

"Mama Doreen," akasema, "jeneza langu mimi usitie utepe. Tia futi."