Kiwanja Kisicholalwa

Hebu sema kweli: mara ya mwisho ulipoingia choo cha watu wote ukakikuta kisafi, ulijiuliza ni nani aliyekisafisha?

Hukujiuliza. Ulifunga mlango, ukamaliza shida yako, ukaenda zako. Ndivyo tulivyo. Uchafu ukituudhi tunapiga kelele mpaka sauti zikauke, lakini usafi tunauchukulia kama kitu kilichoota chenyewe. Mtu wa habari hii alisafisha vyoo viwili vya shimo kwa miaka kumi na tisa, kaskazini kabisa, pale barabara ya changarawe inapochoka na kuishia kwenye ziwa. Katika miaka yote hiyo walioshika mkono wake wakamwambia asante hawakufika kumi.

Kwenye karatasi za idara ya misitu aliandikwa mtunza kambi. Kambi yenyewe haikuwa na makuu. Ilikuwa na viwanja kumi na kimoja vya kupigia mahema, na kila kimoja kina meza ya mbao, duara la mawe la kuwashia moto na nguzo fupi yenye namba. Palikuwa na pampu ya mkono iliyolia kama punda kabla ya kukubali kutoa maji, vyoo viwili, banda la kuni, na kibanda chake cha chumba kimoja: kitanda, jiko la chuma, na dirisha linalotazama viwanja vyote. Umeme hakuna. Simu ilishika mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya banda la kuni, na hapo pia mpaka usimame umeelekea ziwani na usitingishike. Baada ya hapo ni misonobari, milima na maji, mwendo wa siku tatu kwa miguu bila kukutana na ukuta wa mtu.

Wenzake wa idara walimbandika jina la Reki, na ukimwona asubuhi hukuwa na haja ya kuuliza sababu. Wageni wakishaondoka tu, yeye huyo. Alijaza mashimo ya vigingi kwa kidole, shimo moja moja. Nyasi zilizolaliwa na hema alizichana kwa reki mpaka zisimame, taratibu, kama mama anayemchana mtoto mwenye kichwa chororo. Majivu aliyazoa kwa ndoo akaenda kuyafukia mbali. Mawe ya moto yaliyoshika masizi aliyageuza, upande mweusi ukakaa chini. Alipomaliza, hata nyuki asingejua kwamba jana usiku watoto watatu walirukaruka pale.

"Mtu akifika," alimwambia dereva wa lori la taka, "aone kama yeye ndiye wa kwanza kufika duniani."

Dereva huyo alikuja kila Jumanne, akabeba mapipa, akanywa chai, akamtania.

"Reki, ndiyo maana huna mke. Akiamka kunywa maji tu, akirudi anakuta kitanda kimeshatandikwa."

"Nilikuwa naye."

"Ikawaje?"

"Alirudi mjini."

"Ona sasa! Si nimesema?" Dereva alicheka, kisha kicheko kikamkwama. Akaiangalia chai yake. "Samahani, kaka."

"Kunywa, itapoa."

Alikuwa na sharti jingine, nalo alijiwekea mwenyewe bila kuagizwa na mtu: asiwasumbue wageni. Anayefunga safari yote hiyo kuja porini, aliwaza, amechoka na watu. Mimi nikimfuata na maneno nitakuwa nimemletea kilekile alichokikimbia. Kwa hiyo hema likisimamishwa, yeye alibaki nyuma ya pazia. Wengi walitokea milimani jioni, miguu imewavimba, wakalala, na alfajiri wakashika njia. Penye lango palikuwa na sanduku la kadi: mgeni ajiandikishe mwenyewe, atumbukize. Nusu yao hawakujisumbua, na za wale waliojisumbua ziliingiliwa na mvua zikawa uji. Basi Reki aliwajua wageni wake kwa majivu waliyoacha, kisha akayazoa na majivu.

Kila Jumapili alipanda jiweni kuongea na dada yake.

"Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Umeongea na mtu wiki hii?"

"Si naongea na wewe."

"Mimi si mtu, mimi ni dada yako. Nauliza mtu."

Alifikiri kidogo. "Jumanne, na dereva."

"Haya. Na mdomo bado unafunguka? Sikia, mdogo wangu, chumba cha nyuma kiko wazi. Watoto wanakuuliza. Wadogo wanadhani mjomba wao ni picha ya ukutani."

"Msimu ukiisha, dada."

Maneno hayo alikuwa akiyasema tangu watoto wenyewe hawajazaliwa.

Mwaka huo, majani yalipoanza kugeuka manjano na umande wa asubuhi kuganda, alikuja mkaguzi kutoka makao makuu. Alikuwa binti mpole, buti mpya, kompyuta ya mkononi ameikumbatia kifuani. Idara ilikuwa inafunga kambi zisizotumika, na yeye ndiye aliyetumwa kuzipitia.

"Shikamoo, mzee. Watu wa mwisho kulala hapa ni lini?"

"Marahaba. Juzi. Walikuwa wanne, kiwanja cha tano."

Wakaenda cha tano. Mkaguzi akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya nyasi, akachungulia mawe ya moto, akamtazama Reki kama unavyomtazama mtoto anayeapa amenawa uso.

"Cha tano ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Hapa hajalala mtu, mzee."

"Wamelala. Nimepasafisha."

"Na cha pili?"

"Wiki iliyopita, bwana na bibi. Nacho nimekisafisha."

"Na cha nane?"

"Hicho pia."

Binti akaketi mezani akashusha pumzi. "Fomu yangu inauliza dalili za matumizi. Nyasi zimelala? Hapana. Majivu yapo? Hapana. Mashimo ya vigingi? Hapana. Kadi ulizonipa hazisomeki. Kambi nyingine nakanyaga takataka mpaka magotini, hizo zinabaki. Hii yako... niandike nini?"

Reki aliyatazama yale mawe aliyoyageuza mwenyewe. Ndipo ilipomwingia. Miaka kumi na tisa, kila asubuhi, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa akifuta ushahidi kwamba kazi yake ina faida kwa mtu. Na tuseme wazi hapa, maana kuna mambo hayafai kufunikwa: ni ofisi gani hiyo inayotambua kuharibu tu, na kutunza haina hata kisanduku cha kutia alama? Lakini binti wa watu hakuiandika yeye hiyo fomu.

"Mkiifunga, itakuwaje?"

"Pampu inang'olewa, vyoo vinafukiwa. Wewe unahamishiwa mjini, stoo ya vifaa."

Aliijua stoo hiyo. Ilikuwa chini ya ardhi, na mtu hukaa nyuma ya kidirisha akitoa makoleo na kuyapokea. Aliwahi kuishi mjini enzi za ndoa yake, akakaa miaka miwili bila kulala usiku mzima. Huku, hata upweke wake ulikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Kule angekufa akiwa ameketi, na watu wangeendelea kumwomba koleo.

Mkaguzi alimwonea huruma. "Nitarudi Ijumaa ijayo asubuhi. Nikikuta hata kiwanja kimoja kimelalwa, nitakuwa na la kuandika. Ila usiguse kitu, mzee. Tafadhali."

Jumamosi hakuja mtu. Jumapili mvua. Jumatatu walipita vijana wawili, wakachota maji pampuni, wakaendelea na safari. Jumanne dereva aliisikia habari yote na hakuona shida iko wapi.

"Kaka, hili nalo la kuumiza kichwa? Mahema yaliyosahauliwa si unayo humo bandani? Simamisha matatu, washa moto, kanyagakanyaga, toboa vishimo. Kesho yake ng'oa. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe ukae kimya."

Jumatano Reki akapiga moyo konde. Alitoa nyundo na vigingi, akaenda kiwanja cha tatu, akapigilia vinne, akaving'oa. Vishimo vinne vikamtazama. Alikwenda kuketi mlangoni kwake, akanywa chai, akajisemesha kwamba ni vishimo tu. Chai ilipoisha alirudi akavifukia. Kisha, kwa kuwa mkono una mazoea yake, akazichana na nyasi. Kiwanja cha tatu kikawa kisafi kuliko kilivyokuwa asubuhi. "Mjinga mkubwa wewe," alijiambia kwa sauti, na hayo ndiyo maneno pekee aliyotamka siku hiyo.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya maji, alitokea mwanamke mmoja kwenye njia ya ziwani. Alikuwa mtu mzima hasa, mvi zikichungulia chini ya kofia ya sufu, begi limemzidi kimo. Hakuhangaika kuchagua. Alikwenda moja kwa moja hadi kiwanja cha tisa, akatua mzigo, na kabla Reki hajaamini macho yake hema la kijani lilikuwa limesimama. Alipigilia vigingi kwa jiwe. Reki, nyuma ya pazia, alivihesabu kwa mlio: kumi na viwili. Moshi ulipopanda kutoka kwenye mawe, roho yake ikapanda nao.

Alitamani kwenda kumwambia palepale. Alifika mlangoni, akashika kitasa. Lakini yule mama alikuwa ameketi ameegemea meza, miguu ameinyoosha, uso ameuelekeza ziwani, katulia tuli, na Reki akaona kumwingilia wakati ule ni sawa na kumwamsha mtu aliyepata usingizi baada ya ugonjwa. Akaamua kungoja asubuhi. Alfajiri angechemsha chai, achukue vikombe viwili, avunje sharti lake mara moja tu maishani. Angesema: shikamoo mama, nakuomba, leo usitengeneze kitu, acha kama palivyo. Maneno hayo aliyafanyia mazoezi kitandani, akageuza hapa, akapunguza pale, maana alikuwa hajazungumza na mgeni kwa muda mrefu na hakutaka kuonekana kichaa. Usingizi ukamchukua akiwa bado kwenye shikamoo.

Kulipopambazuka aliwasha jiko. Maji yalichelewa kuchemka kwa ile baridi. Alipotoka na birika na vikombe viwili, ukungu ulikuwa ukiondoka ziwani, na alipofika kwenye pembe ya banda la kuni akasimama.

Hema halikuwepo. Begi lilikuwa limefungwa, limesimamishwa kando. Yule mama alikuwa amepiga magoti, tawi la msonobari mkononi, anasimamisha nyasi. Majivu yalishaondoka. Mawe yalishageuzwa. Na mbele yake, buti zikiwa na vumbi safari hii, alikuwa amesimama mkaguzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usikanyage hapo, nimeshapasawazisha."

"Bibi, unafanya nini?"

"Nafuta nilipolala. Kwani wewe ukilala kwa watu huachi umetandika?"

"Nani amekuagiza?"

"Aniagize nani? Nilipofika mara ya kwanza nilipakuta hivi, nikaona haya kupaacha vingine. Wenzangu wa milimani nao hufanya hivihivi. Hapa ndivyo panavyotaka."

Mkaguzi alifungua kompyuta yake polepole. "Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

"Mwaka huu ni wa kumi na mbili. Nakuja msimu ukifunguliwa, nakuja ukikaribia kufungwa."

"Na hao wenzako ni wengi?"

"Wengi sana. Tunapishana njiani."

Vidole vya binti vikaanza kukimbia. Reki aliviona kutoka pale aliposimama, hatua kama ishirini hivi, mvuke wa birika ukimpanda usoni.

"Lakini kwa nini hapa, bibi? Zipo kambi zenye maji ya moto, tena zina umeme."

Mama akajifuta mikono kwenye suruali, akaangaza macho ziwani, misonobarini, kwenye meza tupu za viwanja kumi.

"Kwa sababu hapana mtu," akasema. "Miaka yote hiyo, mwanangu, sijaona hata mmoja. Siku nitakayokuta mtu anayekaa hapa, sirudi tena."

Mkaguzi aliinua kichwa. Juu ya ile kofia ya sufu macho yake yakakutana na ya Reki, na vidole vikasimama.

Reki alikuwa ameshainua mguu. Akaurudisha chini taratibu, changarawe isilie, kisha akarudi kinyumenyume, hatua moja, ya pili, mpaka banda la kuni likamficha mzima. Kutoka huko aliisikia sauti nyembamba ya binti ikisema, "Basi nimeandika kiwanja kimelalwa, bibi. Kambi itabaki wazi." Alisikia begi likinyanyuliwa na mikanda ikifungwa, na nyayo zikishuka kuelekea njia ya ziwani, mwendo wa mtu asiye na haraka, hadi zikaisha.