Kanini Aliyeacha Pilau Iungue

Kanini huuza mapazia ya mitumba Ngara, kwenye meza iliyo kando ya yangu. Ukipita pale bila kusikia sauti yake, jua ni mgonjwa.

Alikuja Nairobi msichana, kutoka Mwingi, akaandikwa kazi ya nyumba Spring Valley kwa mama mmoja aitwaye Bhoomi. Huko ndiko alikojifunza mapazia: kupima dirisha kwa jicho, kukunja upindo, kujua kitambaa kwa kukisugua kati ya vidole. Akaolewa na Muli, fundi wa cherehani, wakafungua meza. Muli alikuwa mtu mzuri, marehemu hasemwi, lakini mapazia aliyajua yakiwa dirishani kwake. Biashara ilikuwa ya Kanini. Jina ndilo lilikuwa la Muli.

Maana sokoni kwetu meza huandikwa jina la mwanamume. Mume akifa, kamati humpa ndugu yake. Ukiuliza, unaambiwa ni mila. Mila ya nani? Soko lenyewe mabati yake bado yanang'aa! Katiba inasema wanawake wasiachwe nje ya uongozi, lakini katiba ilifika kwetu ikaishia getini, na kamati ikabaki ya wanaume watupu.

Muli alipozikwa, matanga hayajaisha vizuri, ndugu yake Musili akaenda Kinoo, anakoishi Kanini. Akaketi kwenye kiti cha marehemu.

"Shemeji," akasema, "Jumatatu kamati itanipa hiyo meza. Lakini mimi si mtu mbaya. Ukitaka kubaki kwa meza, baki ukiwa wangu."

"Wako kama nini, Musili?"

"Si unajua. Wewe na meza, nyote ni wa nyumbani kwetu."

Kanini alimfungulia mlango atoke.

Kesho yake akaja kwangu uso umekauka. "Mama Stacy, kamati itachaguliwa upya Jumapili, na hiyo mpya ndiyo itaamua meza yangu Jumatatu. Nasimama uenyekiti."

"Dhidi ya Shem? Una wazimu."

"Wazimu ni kungojea Jumatatu nikiwa nimekaa."

Shem ni muuza viatu, na alikuwa mwenyekiti tangu wanangu wakiwa darasa la kwanza. Habari zilimfikia kabla ya saa ya chai. Akaja mezani kwa Kanini akitabasamu, akishika pazia hili, akishika lile.

"Mama, siasa ina maneno machafu. Mjane akisimama mbele ya wanaume, watu watauliza anatafuta nini."

"Natafuta kura, mwenyekiti. Pazia unanunua ama unapangusia mikono?"

Wanawake tulicheka. Asubuhi iliyofuata hatukucheka. Tulikuta mapazia yake yamechanwa kwa wembe, marefu yote, kutoka juu hadi chini. Kanini aliyatazama, akaketi, akatia uzi kwenye sindano. Mimi nikamshikia kitambaa. Aliyashona akayatundika tena, makovu yakiwa upande wa njia, kila mtu aone.

Sasa niwaeleze tunavyopiga kura, ndiyo mujue tulivyokuwa tukiliwa miaka yote. Ni mlolongo. Unasimama nyuma ya mtu wako. Firimbi ya kwanza, watu hupanga mistari. Ya pili, mistari inafungwa, na atakayetoka amejitoa, hahesabiwi. Anayehesabu ni mzee Tarsem wa duka la misumari na rangi pale mbele, kwa sababu hana meza sokoni na haogopi mtu. Na kila uchaguzi, Shem hununua mbuzi na mchele. Wanaume huketi. Wanawake tunapika. Firimbi ya pili hulia pilau ikiwa karibu kuiva, na sisi tukinusa harufu tunakimbia kupunguza makaa. Tukirudi, tumejitoa. Hakuna aliyetufukuza. Ni miguu yetu wenyewe.

Kanini ndiye aliyeiona hila hiyo. Alitukusanya nyuma ya mabati Jumamosi.

"Kesho mukisikia harufu, simameni."

"Chakula ya watu iungue?" Muthoni, muuza vitunguu, akashika kifua. Bwanake ni mtu wa Shem, anauza mikanda. "Kanini, mama yangu angefufuka anichape."

"Iungue, Muthoni. Meza yako imeandikwa nani?"

Muthoni akaondoa mkono kifuani.

Jumapili ikafika. Musili naye akafika, ingawa si mchuuzi wala hapigi kura. Alienda moja kwa moja kwenye meza ya Kanini, akapitisha mnyororo, akafunga kufuli mpya, halafu akasimama kando akichezesha funguo. Kanini alimwona. Sote tulimwona. Kanini akaenda akasimama mahali pake.

Firimbi ya kwanza. Nikasimama nyuma yake. Wakaja wa mboga, wa nguo za watoto, hata vijana wachache wa simu. Lakini mstari wa Shem nao ulirefuka hadi kwenye mtaro. Mistari ilikaribia kulingana, yetu ikiwa pungufu kidogo. Nilihesabu kwa macho, nikarudia.

Firimbi ya pili. Na kama ilivyo kawaida, harufu ikaja.

Kwanza ilikuwa tamu, binzari na vitunguu. Halafu ikageuka. Jamani, mimi nimepika tangu nikiwa na miaka saba, na miguu yangu ilijivuta yenyewe. Nilijishika sketi. Nyuma yangu mtu alianza kuomba kwa sauti ndogo.

"Akina mama!" Shem akaita, mpole kama pasta. "Pilau inaungua. Hamuisikii?"

Hakuna aliyetoka. Moshi ukapita kati ya mistari.

"Muthoni!" Bwanake akapaaza sauti kutoka ule mstari mwingine. "Muthoni! Nyama inaungua, wewe! Unaniaibisha mbele ya watu!"

Muthoni alitoa mguu mmoja nje. Nilimwona. Kanini alimwona pia, na hakumwita. Yule mwanamke alikaa hivyo, mguu ndani, mguu nje, machozi yakimtoka, na Tarsem akimtazama kidole kikiwa hewani. Halafu akaurudisha mguu ndani.

"Naisikia, Baba Shiko!" akapiga kelele. "Si hata wewe uko na miguu?"

Tarsem akaanza kuhesabu upande wetu. Moshi ukawa mweusi. Na hapo Mwendwa, fundi wa kufuli, mtu wa Shem kabisa lakini nyama anaipenda kuliko mwenyekiti yeyote, akashindwa.

"Mbuzi mzima jamani! Mnaangalia tu?" Akachomoka mbio kwenye jiko. Wawili wa mstari wake wakamfuata na matambara.

"Rudini!" Shem akapasua sauti. "Rudini, wajinga nyinyi!"

Walirudi wakikohoa, mwiko mkononi. Tarsem akawazuia kwa kiganja.

"Mlitoka."

"Wameenda kuokoa chakula tu, mzee!" Shem akalalamika. "Si kutoka huko!"

"Shem, miaka yote hiyo sheria nasikia kwa mdomo yako. Mtu akitoka, ametoka."

Akahesabu mistari yote mara mbili. Kisha akaja akainua mkono wa Kanini.

Tulipiga vigelegele, lakini Kanini alikuwa ashaanza kutembea. Alisimama mbele ya Musili.

"Fungua."

"Hii meza ni ya ndugu yangu. Uchaguzi haubadilishi damu."

"Fungua, Musili."

Akatia funguo mfukoni. Nikaona ameinua bega, nikaokota jiwe. Sisemi ningelitumia. Nasema nililiokota.

Kanini akageuka. "Mwendwa."

Mwendwa alikuwa anatafuna mchele mweusi. Akamtazama Shem. Shem akatazama viatu vyake. Mwendwa akameza.

"Mwenyekiti amesema?" akauliza.

"Mwenyekiti amesema."

Kufuli mpya za siku hizi ni bati tupu. Aliigonga, ikalia mara moja tu. Mnyororo ukaanguka, na Kanini akaanza kutundika mapazia, Jumapili hiyohiyo, yale yenye makovu yakiwa mbele. Sisi wengine tulikuwa tunakwangua ukoko. Muthoni alimletea Kanini wake kwenye sahani, naye akala amesimama, mkono mmoja umeshika meza.