Kistari cha Nafasi ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaribia kuua kioo, na nikachapwa mkono kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti mkobani, nimevaa baibui jipya, najiona mtu. Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa mjini Bagamoyo. Mwenye karakana aliitwa Bwana Hasmukh, lakini sisi sote tulimwita Fundi Mkuu, na duka la mbele lilikuwa la mkewe. Alinipa kipande chembamba cha kioo chenye miguu midogo ya chuma kwenye kingo, akaniambia nikiwashe. Nikachukua betri na nyaya mbili, nikagusisha, na alama nyeusi ikajitokeza kwenye kioo. Nikafurahi. Nikaendelea kushikilia ili aione vizuri, na ndipo mkono wake ulipotua juu ya wangu.

"Unakiua!" alisema. "Hii si taa, binti yangu. Ukikipa umeme wa upande mmoja kinaoza, kinabaki na doa maisha."

Nawaeleza vijana mnaosoma haya, kwa sababu siku hizi chipu nyingi zinakuja na kazi hii imekwisha kufanywa ndani yake na hamna haja ya kujua. Kioo cha namba, kile mnachokiona kwenye kikokotoo na kwenye saa ya mkononi, hakitoi mwanga. Ndani yake mna utando wa kimiminika, na umeme ukipita hapo kimiminika hujipanga upya na sehemu ile huonekana nyeusi. Lakini umeme huo lazima ugeuzwe mbele na nyuma, makumi ya mara kwa sekunde. Ukiuacha usimame upande mmoja, kimiminika huharibika na alama hubaki palepale hata ukizima kila kitu. Hilo ndilo doa alilokuwa akilisema.

Kila tarakimu imejengwa kwa vipande saba, vitatu vimelala na vinne vimesimama. Ukiviwasha vyote unapata nane. Ukizima kile kilicholala katikati unapata sifuri. Nyuma ya vipande vyote kuna bamba moja, na chipu kazi yake ni kulipandisha na kulishusha umeme bamba hilo bila kupumzika. Kipande kikipanda na kushuka pamoja na bamba, hakionekani. Kikienda kinyume chake, kinaonekana. Fundi Mkuu alipenda kunichokoza kwa hilo.

"Anayekubaliana na bamba hafahamiki kama yupo," alikuwa akisema mbele ya wateja. "Zuhura wangu angekuwa kipande, asingezimika hata siku moja."

Kweli nilikuwa mbishi, na bado ni mbishi, waulizeni wanangu. Lakini kazi niliipenda. Nilijifunza kuandika programu kwenye kompyuta kuukuu ya karakana, kila tarakimu na orodha yake ya vipande vya kuwasha, kisha kuipakia kwenye chipu. Programu yangu ya kwanza iliandika tatu isiyo na mkia. Nilihangaika nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri, kumbe nilikuwa nimesahau kulehemu mguu mmoja. Baadaye nikaanza kutumwa peke yangu: Mbegani kutengeneza kipimajoto cha chumba cha barafu ya samaki, Ubena kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mahindi aliyenilisha ugali kabla hajaniruhusu kufungua kisanduku changu cha vifaa. Hayo yalikuwa maisha mazuri.

Kisha ikaja kazi ya vipimajoto vya friji za chanjo. Zahanati za pwani huko kaskazini zilikuwa na friji za gesi, na zilitaka kifaa kidogo cha kuning'iniza mlangoni, kihisi chake cha kupima joto kikae ndani katikati ya chupa, na kioo kisomeke kwa nje bila kufungua mlango. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi mbili na nane. Joto likizidi zinaharibika, hilo kila mtu analijua. Lakini baadhi yake zikiganda pia zinaharibika, na ubaya wake ni kwamba zikiyeyuka si rahisi kugundua kwa kutazama. Mtoto atachomwa sindano, atalia, mama atarudi nyumbani ameridhika, na kinga hana.

Kioo tulichonunua kilikuwa na tarakimu tatu, na kando yake alama ndogo ya hasi yenye mguu wake. Chipu yetu ilikuwa ndogo. Tulipomaliza kugawa miguu, hii ya vipande, hii ya nukta, hii ya bamba, hii ya kihisi, alama ya hasi ilikosa pa kushika.

"Tuiache," alisema Fundi Mkuu.

"Na ikishuka chini ya sifuri?"

"Bagamoyo?" Alinishika bega akanipeleka mpaka mlangoni, akanionesha watu wanaojifuta jasho barabarani. "Haya, muulize yeyote hapo lini ameona barafu imeanguka."

"Friji haliko barabarani, Fundi Mkuu. Ikiwa ndani ni hasi nne, kioo kitaandika nne. Muuguzi ataona nne, atasema alhamdulillahi, atachoma."

"Chipu kubwa hatununui. Kazi tumeshaipangia bei. Zuhura, usinitafutie ugomvi leo."

Nilinuna. Chai ya saa nne aliniletea mwenyewe na sambusa mbili, nikala sambusa bila kumtazama. Nilikuwa nimeweka kifaa mezani, kinasoma maji ya baridi, na kioo kimeandika nne nukta moja. Nikakitazama na sambusa mdomoni. Nafasi ya kwanza upande wa kushoto ilikuwa tupu, kwa sababu nne haina makumi. Ilikuwa tupu na vipande vyake vyote saba vilikuwa na miguu, vyote vimelehemiwa, vyote havina kazi. Na kile kipande cha katikati kilicholala, kikiwaka peke yake, ni nini kama si kistari? Nilicheka mpaka mke wa Fundi Mkuu akaja kuchungulia.

Mistari michache tu ya programu ilitosha. Tukatia barafu na chumvi kwenye ndoo, tukatumbukiza kihisi. Namba ikashuka, ikapita sifuri, na kistari kikatokea mbele ya tano.

"Mguu umeuiba wapi?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Sijaiba. Nimeazima chumba kisicho na mtu."

Aliinama akakitazama kile kistari. "Haya, kiache. Lakini mtu akiuliza, utajibu wewe. Mimi nitamwambia ni doa."

Ulikuwa utani, na wakati ule niliucheka. Sikuucheka tena baada ya miezi michache, maana vifaa viwili vya kundi lile vilirudishwa na madoa ya kweli. Chipu zake zilikuwa zimekwama, bamba likaacha kugeuka, na vipande vikaungua. Nilizirekebisha programu za vilivyobaki, lakini sikuwa na uhakika kwamba ugonjwa umekwisha.

Kifaa cha Saadani nilikipeleka mwenyewe. Muuguzi wa zahanati aliitwa Sista Mwanaidi, msichana mwepesi, mchangamfu, anayeuliza maswali mazuri. Nilimwambia akiona kipande kimeganda kwenye kioo, hilo ni doa, anipigie simu. Nikamwambia pia akiona kistari mbele ya namba, hiyo ni baridi iliyozidi. Aliyashika yote mawili. Mimi ndiye niliyeondoka bila kumwambia atayatofautishaje.

Alinipigia asubuhi moja, siku ya kliniki ya watoto.

"Shikamoo, dada Zuhura."

"Marahaba. Habari za Saadani?"

"Salama, dada. Ila kuna kistari mbele ya namba. Namba yenyewe ni tatu. Jana nilipofunga hakikuwepo." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na walio nje. "Akina mama wamejaa barazani. Wengine wametoka mbali na watoto mgongoni. Nikiwarudisha bure hawatakuja tena, nawajua. Niambie, ni lile doa, au ni ile baridi?"

Kama ni doa, friji lilikuwa na nyuzi tatu, dawa nzima, na kina mama walikuwa wanacheleweshwa bila sababu. Kama ni kweli, kila chupa iliyomo ilikuwa haifai. Kistari ni kilekile. Mimi niko Bagamoyo, yeye yuko Saadani, na kwa simu ile ya vitufe aliyokuwa nayo hata picha asingeweza kunitumia.

"Usimchome mtu kwanza," nilimwambia. Fundi Mkuu alikuwa ameacha kulehemu, ananitazama. Nilifumba macho nikaifuata programu yangu mstari kwa mstari, na nikafika kwenye sifuri.

"Mwanaidi. Kile kihisi chenye waya mweupe, kitoe katikati ya chupa, kishike ndani ya kiganja. Ukibane. Kisha nisomee namba."

"Mkono utakitia joto, dada."

"Ndicho ninachotaka. Kama ni tatu ya kweli, itapanda: nne, tano, sita. Kama ni tatu ya chini ya sifuri, itashuka kwanza mpaka sifuri, ndipo ianze kupanda."

Nilisikia mlango wa friji ukifunguka. Nilisikia mtoto analia kwa mbali na mama yake anambembeleza.

"Tatu," alisema Mwanaidi. "Tatu bado. Mbili nukta nane. Dada, inashuka! Mkono wangu una moto na inashuka. Mbili. Moja nukta tano. Moja."

"Endelea."

"Sifuri. Kistari kimeondoka! Sasa inapanda, moja, mbili..."

"Umemchoma yeyote leo?"

"Hata mmoja."

"Sema wallahi."

"Wallahi, dada, hata mmoja. Sindano sijafungua."

Nilikaa chini sakafuni, hapohapo kwenye vumbi la risasi ya kulehemia na vipande vya nyaya, baibui na yote, nikalia kwa furaha. Sijawahi kupata nafuu kama ile, si kabla wala baadaye, na nimezaa mara nne.

Baadaye tulijua sababu. Mtungi wa gesi ulikuwa umebadilishwa jana yake, na moto wa friji ukaachwa juu kuliko kawaida; friji la gesi, moto wake ukizidi, ndivyo baridi ndani inavyozidi. Mwanaidi aliwatokea kina mama barazani akawaambia ukweli, kwamba dawa zimeganda na hatawachoma watoto wao maji. Walinung'unika, na mmoja alimwambia maneno makali. Chanjo nyingine ililetwa kutoka wilayani kwenye sanduku la barafu, akapita nyumba kwa nyumba kuwaita, na walirudi. Hata yule wa maneno makali alirudi.

Siku ile Fundi Mkuu alikwenda dukani mbele akarudi na soda ya baridi, akaniwekea mezani. Siku iliyofuata aliniambia kundi lijalo tutanunua chipu yenye miguu ya kutosha.

"Ya nini?" nilimjibu. "Kistari kina chumba chake tayari."

"Mbishi wewe," alisema, akacheka mpaka akavua miwani.

Sasa yeye hayupo, Mungu amrehemu, na pale palipokuwa karakana wanauza makava ya simu. Mimi nimestaafu, macho hayaoni tena mguu wa chipu bila lenzi. Vijana wakija kuniuliza ushauri, nawaambia wakigawa miguu wamkumbuke yule atakayesimama mbele ya kioo na watu wanamsubiri. Wengine wanaandika, wengine wanatazama simu zao. Sikasiriki sana siku hizi.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu kliniki na mtoto wake mchanga. Friji lao ni jipya, la umeme wa jua, na kifaa cha mlangoni hakikutengenezwa nasi. Muuguzi alipogeuka kuchukua sindano, nilisogea nikaangalia kioo. Tano nukta mbili, na nafasi ya kwanza iko tupu. Nikampokea mjukuu wangu, nikamkalisha mapajani, nikamshika mguu vizuri ili achomwe.