Sarafu Chini ya Kabati

Nilimtunza mzee mmoja wa mtaa wa Ganshoren, wakili mstaafu aliyefiwa na mkewe. Nilimwogesha, nilimpa dawa, nilimkatia kucha. Binti yake alipopiga simu, mzee alimjibu kwa mkato na kukata. Lakini kuhusu sarafu zake za dhahabu za Wagiriki wa kale aliweza kuongea asubuhi nzima.

Kila mwezi walimtembelea wenzake wawili, wakusanyaji wa sarafu kama yeye. Hawakunisalimu, walinikabidhi miavuli tu. Wakishakaa, walipokezana vile vipande, vidogo kama vifungo vya koti, wakivishika ukingoni kwa ncha za vidole. Upande mmoja palikuwa na mungu wa kike mwenye kofia ya vita, upande wa pili mwingine mwenye mabawa. Vilipendeza, siwezi kukataa. Dhahabu haishiki kutu, na zile nyuso zilionekana kama fundi amezigonga jana. Wao wala hawakuziangalia sana. Kila mmoja alitafuta mkwaruzo kwenye sarafu ya mwenzake, na akiuona, uso unamchangamka.

Alasiri moja, wageni wakiwapo, mzee aliinuka kuleta sarafu mpya. Akayumba, akaanguka pamoja na sinia la sarafu, zikatawanyika sakafuni. Wale wawili wakapiga magoti upesi. Nilidhani wanamsaidia. Kumbe walikuwa wakipenyeza mikono chini ya kabati.

"Angalia usizikanyage," mmoja akaniambia. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mzee, damu ikimtoka juu ya jicho.

"Bwana, ita ambulansi."

"Ngoja, imebaki moja."

Nikapiga simu mwenyewe. Mzee akafumbua macho, nikamuuliza anaumia wapi.

"Zote zipo?" akauliza.

Nilimfuta damu kama kazi inavyotaka, lakini huruma ilikuwa imeniisha.

Alilazwa. Marafiki zake hawakukanyaga hospitali, ila mmoja alinipigia kuuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Binti ndiye aliyekesha naye; mzee akamweleza namna ya kupangusa vumbi kwenye zile sarafu.

Jumapili nilimsimulia dada yangu, kwake mtaa wa Saint-Josse.

"Bon, na weye utarudia kule?" akauliza.

"Hapana. Nimeomba ofisi ya kazi inipatie mugonjwa mwingine."

"Juu ya muntu kuanguka?"

"Juu ya bale babili, barafiki yake. Na yeye pia. Siwezi tena kumuangalia ku macho."

Dada akanisogezea sahani. Nilikula kwa hamu.