Beberu Aliyechinjwa na Mama

Mama yangu alichinja beberu wa matanga kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, na wanaume wa ukoo wa baba wakakataa kula. Harufu ya siku ile bado ninayo puani: damu mbichi juu ya mawe ya moto, na manyoya ya kichwa yakiungua kwenye makaa.

Wakati huo Buswelu ilikuwa mashamba. Nyumba zilitazamana kwa mbali, katikati mihogo na viazi, na yale majabali yetu yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Kila mtoto alijua nyama inatoka wapi, kwa sababu alikuwa ameichunga. Kuchinja kulikuwa na utaratibu. Tulimwita jirani yetu Mzee Ramadhani, fundi cherehani, ili Waislamu na wasio Waislamu wale sufuria moja. Asipokuwapo, alichinja mwanamume wa ukoo. Wanawake walipewa utumbo wauoshe na makongoro wayachemshe. Kisu hawakupewa, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini.

Kiangazi hicho bibi mzaa baba alikuwa amefariki, na beberu mwekundu alitengwa kwa ajili ya kumaliza matanga. Baba alikuwa Ukerewe akivua. Mdogo wake, baba mdogo Masanja, ndiye aliyesimamia shughuli. Asubuhi ya Ijumaa alimfunga beberu kwa kamba ndefu chini ya jabali, kisha akaondoka na wanaume wenzake kwenda Kisesa kutafuta mchele. Mbuzi na jabali, nani asiyejua? Beberu alipanda, akateleza upande wa pili, akaning'inia kwa shingo.

"Mama, mbuzi anakufa!" nilipiga kelele.

Mama alitoka jikoni na kisu, akakata kamba. Beberu alianguka, miguu ikirusha vumbi, macho yakigeuka.

"Wifi, subiri wanaume," shangazi Nyamizi alisema. "Au Mzee Ramadhani atoke msikitini."

"Waje wakute kibudu? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kabula, shika miguu!"

Nilishika. Nilihisi uhai ukipiga mikononi mwangu, kwa nguvu, kisha kidogo kidogo. Damu ilitoka kwa kishindo, ikachemka juu ya mawe. Sikulia. Nilikuwa nimemchunga beberu yule tangu ananyonya, na niliona ni haki yake nisigeuze uso.

Mzee Ramadhani aliporudi alichuchumaa, akaitazama damu kwa muda. "Mama Kabula, mimi na nyumba yangu hatutakula, sababu yetu unaijua. Lakini nisimsingizie mnyama. Huyu hakufa kibudu."

Baba mdogo, aliporudi kutoka Kisesa, hakuwa mpole hivyo. "Nani kachinja?"

"Mimi, shemeji."

"Nyama ya kisu cha mwanamke hailiwi katika ukoo huu."

"Basi leo utashiba ugali kwa chumvi. Na chumvi yenyewe nimeikoroga mimi, sijui kama ina mwiko."

Shangazi alicheka mpaka akashika mlango. Mama hakucheka. Alipika, akapakua, kisha akatandika mkeka katikati ya ua, si jikoni, akatuita wanawe tukae naye. Ini, ambalo siku zote lilikuwa la wazee wa kiume, aliliweka kwenye sahani yake. Alilila taratibu, akiwatazama wanaume waliompa mgongo.

Leo Buswelu ni kuta na mageti. Majirani zangu hununua nyama iliyogandishwa, imefungwa kwenye plastiki, haina uso wala jina; mimi bado nachinja nyumbani. Wananiuliza, "Dada, unachinjaje mbele ya watoto?" Nawajibu kwamba watoto wao pia wanakula mnyama aliyechinjwa, tofauti ni kwamba wangu wanajua. Bwana mifugo huja kukagua nyama yangu, na kisu nakishika mwenyewe. Anayependa mishkaki na kuchukia damu simwombi radhi.

Jumamosi binti yangu anapata kipaimara. Nilimpigia simu baba mdogo, mzee sasa, ambaye tangu siku ile hajagusa nyama nyumbani kwa mama wala kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani atachinja?"

"Mimi."

Aliuliza misa ni saa ngapi. Kisha akasema atakuja. Kama atakula, hakusema, nami sikumuuliza.