Sheria Inayoishia Getini

Kwenye kaunta ya polisi tulikuwa wanne: mimi, mwanangu mgongoni, dada Mkongo wa kanisani kwetu, na askari. Mume aliyeachana na dada huyo alikuwa akimvizia kazini kwake, ingawa mahakama ya jimbo ilimkataza kumkaribia.

“Pale anapofanya kazi ni ardhi ya serikali kuu,” askari alisema, nami nikatafsiri. “Sheria zetu za jimbo zinaishia getini.”

“Muulize, dada, ngumi za yule mwanaume nazo zinaishia getini?” Mkongo akaniambia.

Askari alimvutia kiti, akamletea maji. Wema tulipewa bila foleni. Ulinzi, tuliambiwa, tukautafute ofisi nyingine.

Baadaye ardhi ile ilirudishwa kwenye mamlaka ya jimbo, na polisi sasa wanaingia. Dada alikuwa ameshaacha kazi.